MASWALI YA WENYE MAGARI: Waini, maji ya waipa na wadudu wa ziwani

Toleo lililopita tuligusia magari-nyumba ya Wazungu, yale mabasi madogo yenye kitanda, jiko na choo ndani, ambayo hupita Mwanza yakielekea Serengeti au yakizunguka ziwa kwenda Bukoba. Tuliandika pia utani wao: kwenye gari-nyumba kuna vimiminika viwili visivyotakiwa kuisha, maji ya waipa na waini, ya kwanza yakiisha utaazima kwa ya pili, ya pili ikiisha safari imekwisha. Utani ule umeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Wengine wamecheka nao, wengine wamekwenda kufungua boneti. Tunajibu zile zinazofaa wengi.

SWALI: Mwangaluka, mhariri. Nina Noah na nina chupa tatu za waini nyekundu ya Dodoma nilizopewa kwenye harusi, mimi sinywi. Kwa kuwa waini ina kilevi na maji ya waipa ya Ulaya nayo yana kilevi, nikiitia kwenye tangi la waipa kuna ubaya? – Msomaji, Nyegezi

JIBU: Mwangaluka, ndugu. Ubaya upo, na kilevi hakihusiki.

Waini ya kawaida ina kilevi cha asilimia 12 hadi 14. Hicho peke yake kingesafisha kioo vizuri tu. Tatizo ni kinachobaki kilevi kikishakauka. Waini kavu ina sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, lakini waini tamu huanzia gramu 45 na kwenda juu. Tangi la lita 3 likijazwa waini tamu, umetia zaidi ya gramu 135 za sukari, karibu vijiko 11 vya chakula. Jua la mchana litakausha maji na kilevi ndani ya dakika chache, sukari itabaki kwenye kioo kama gundi. Waipa ikipita juu yake mpira utashika na kuruka, utasikia ule mlio wa kuguguna, na baada ya muda ukingo wa mpira utachanika.

Sukari hiyohiyo hukauka kwenye tundu la nozo (kile kidude kinachorusha maji kwenye kioo), ambalo upana wake haufiki hata milimita moja. Ndani ya tangi, waini iliyochanganyika na mabaki ya maji hupata ukungu na ute, na ute huo ndio huziba chujio la pampu. Nyekundu ina rangi ya maganda ya zabibu ambayo huacha michirizi kwenye rangi nyeupe ya gari na kwenye mpira wa kuzunguka kioo. Halafu kuna nyuki. Ukiegesha chini ya mwembe ukiwa na boneti inayonuka zabibu, utarudi ukute wenyeji wapya.

Kama umeshatia, usiendeshe waipa. Vuta pampu chini ya tangi (huwa imeshikiliwa na mpira tu, haina skrubu), acha imwagike yote, suuza tangi kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, rudisha pampu, kisha bonyeza waipa kwa vipindi vya sekunde tano hadi maji yatoke yakiwa hayana rangi wala harufu. Na zile chupa mbili zilizobaki, mpe jirani anayekunywa.

SWALI: Kwani wenzetu wanatia kilevi cha nini kwenye maji ya waipa? Na sisi huku tutie kiasi gani? – Dereva, Buhongwa

JIBU: Wanatia kwa sababu ya barafu. Maji matupu huganda nyuzi sifuri. Yakiganda ndani ya tangi hutanuka na kulipasua, na yakigandia kwenye kioo gari likiwa mwendoni, dereva anakuwa kipofu ghafla. Kilevi hushusha kiwango cha kuganda: mchanganyiko wenye asilimia 10 ya kilevi kwa ujazo huganda karibu nyuzi 4 chini ya sifuri, wa asilimia 20 karibu nyuzi 9. Waini ipo katikati hapo, huganda kwenye nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri, ndiyo maana utani wa gari-nyumba una chembe ya ukweli kwa mtu aliyekwama mlimani Austria.

Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari lakini ipo jirani kabisa na Ikweta, na usiku wa baridi hapa ni ule unaomfanya mtu atafute shuka la pili. Hakuna kitu kitakachoganda. Atakayehitaji kufikiria barafu ni anayepanda Njombe au Makete mwezi Juni na Julai.

Hapa kwetu kilevi kidogo kina kazi nyingine mbili: kukata mafuta ya moshi wa magari kwenye kioo, na kuchelewesha maji kuota ute. Kwa lita 4 za maji safi, tia mililita 200 za spiriti ya hospitali ya asilimia 70 (hiyo ni glasi moja ndogo) na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kijiko kimoja, si kikombe. Sabuni ikizidi povu hutanda kwenye kioo, na usiku taa za gari linalokuja zitang'aa kwenye povu hilo usione barabara. Sabuni ya unga usiitumie kabisa. Haiyeyuki yote, na chembe zake huenda moja kwa moja kwenye nozo.

Anza na maji, kisha spiriti, sabuni iwe ya mwisho, na koroga taratibu. Dawa ya kufulia nguo nyeupe isisogee karibu na mchanganyiko huu. Ikikutana na spiriti inatoa kemikali za sumu, ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Tunalisema kwa sababu barua mbili zilizotufikia zina mapishi ya namna hiyo.

SWALI: Nafanya safari za Mwanza–Musoma usiku. Kuanzia Magu hadi Lamadi kuna siku wadudu wa ziwani wanajaa kioo kizima, nikiwasha waipa ndiyo kwanza sioni kitu. Nimejaribu soda, nimejaribu mafuta ya taa. Mnasemaje? – Dereva wa basi dogo, Igoma

JIBU: Tuanze na makosa, maana ndiyo yanayokutesa. Soda ina sukari. Soma jibu la waini hapo juu. Mafuta ya taa yanawatoa wadudu kweli, lakini yanaacha utando wa mafuta kwenye kioo na kuufanya mpira wa waipa uvimbe na kulainika. Baada ya wiki mbili utakuwa na tatizo la wadudu na la waipa pia.

Wadudu hawa hukua wakiwa funza kwenye matope ya chini ya ziwa, kisha huibuka kwa pamoja, mara nyingi siku za mwezi mwandamo. Mchana utaona kama moshi umesimama juu ya maji. Hawaumi. Usiku hufuata mwanga, na taa zako kubwa ndizo zinazowaita. Mwili wa mdudu una protini na mafuta. Ukimpiga kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa anapasuka, maji yake yanakauka dakika hiyohiyo kwa upepo, na kinachobaki ni utando unaoshika kama ute wa yai uliokaukia kwenye sahani. Waipa kavu, au waipa yenye maji kidogo, inaupaka utando huo kioo kizima.

Kwa hiyo ukiwa njiani, usiguse waipa mpaka uwe na uhakika tangi limejaa. Ukiamua kuosha, osha kweli: bonyeza sekunde tano, acha kidogo, bonyeza tena sekunde tano. Kama nozo zako zinatoa mkojo wa panya, simama mahali salama. Ndani ya gari weka chupa ya kunyunyizia ya lita moja yenye maji na kijiko cha chai cha sabuni ya vyombo, na magazeti mawili ya zamani. Loanisha kioo, bandika gazeti, mwagia tena juu ya gazeti, ngoja dakika tano hadi kumi. Gazeti linazuia maji yasikauke, wadudu wanalowa na kuvimba. Ukilibandua wengi wanatoka nalo. Waliobaki wafute kwa kitambaa laini kilicholowa, kutoka juu kwenda chini. Ufagio, mchanga na waya wa kusugulia sufuria vitaacha mikwaruzo ambayo utaiona kila taa itakapokumulika.

Kisha nyanyua waipa na pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo kwenye ukingo wa mpira, upande mmoja halafu wa pili. Kitambaa kitatoka cheusi. Madereva wengi huosha kioo vizuri na kuacha ukingo huu, halafu wanashangaa kuona mchirizi uleule umerudi.

Fanya yote hayo siku hiyohiyo. Wadudu waliokaa siku mbili juani ni wagumu mara nyingi zaidi, na kwenye rangi ya gari huacha madoa.

Jambo moja ambalo hukuliuliza: angalia rejeta. Wadudu wakijaa kwenye mapezi yake, hewa haipiti na injini inapanda joto kwenye kilima cha kwanza. Ikishapoa, mwagia maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele ili watoke walikoingilia. Ukipiga kutoka mbele unawasukuma ndani zaidi, na presha kubwa ya mashine ya kuoshea inalaza mapezi.

(Kuna watu kandokando ya ziwa hili wanaowakusanya wadudu hao, wakawakausha na kuwala kama kitoweo. Hao ni wanaokusanywa hewani. Wa kwenye kioo cha basi, waache.)

SWALI: Nikitia konyagi badala ya spiriti, trafiki akinisimamisha akanusa gari itakuwaje? – Wenu, Kisesa

JIBU: Konyagi ina kilevi cha asilimia 35, kwa hiyo ungehitaji mara mbili ya kipimo cha spiriti, na bei yake unaijua. Itafanya kazi. Mvuke wa kilevi chochote cha waipa huingia ndani ya gari kupitia matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo, hiyo ni kweli, na gari litanuka kama baa kwa dakika chache. Kipimo cha pumzi hupima hewa ya ndani ya mapafu, na harufu iliyobaki mdomoni huisha ndani ya robo saa hivi. Shusha vioo, mweleze askari kwa adabu, omba kupimwa tena baada ya dakika 15. Lakini tunakushauri ununue spiriti, mazungumzo yanakuwa mafupi.

SWALI: Maji ya ziwa yapo bure. Yanafaa kwa waipa? – Mvuvi mwenye Carry, Igombe

JIBU: Kwa upande mmoja yanafaa kuliko ya visima vingi. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana chumvi nyingi, hivyo hayaachi yale madoa meupe kwenye kioo ambayo maji ya kisima cha chumvi huacha. Ubaya wake ni ukijani, mchanga laini na vijidudu. Ukijani ukiingia kwenye tangi lenye joto la injini na mwanga unaopenya kwenye plastiki, unaota kama upo bwawani.

Chota mbali na magugu, chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, chemsha, poza, tia spiriti na sabuni kama tulivyoandika. Na usisimame majini kwa muda kuchota. Kichocho kinapatikana palepale ufukweni penye magugu na konokono, na maji hayo hayatakuwa bure tena.

Kuchemsha si ushamba. Mwaka 2010 wataalamu wa afya ya umma Uingereza walionyesha uhusiano kati ya maji matupu ya waipa na homa ya mapafu inayoletwa na bakteria aitwaye Legionella. Bakteria huyu hupenda maji yaliyotuama yenye uvuguvugu wa nyuzi 20 hadi 45, na waipa inayapuliza kuwa ukungu ambao dereva anauvuta. Joto la chini ya boneti Mwanza ni hilohilo mwaka mzima. Kama gari limekaa mwezi bila kutumika, mwaga maji yaliyomo utie mapya.

SWALI: Coaster yangu nikibonyeza waipa nasikia mlio lakini maji hayatoki. Fundi ameniambia ninunue pampu. Ninunue? – Mmiliki, Mabatini

JIBU: Usinunue bado. Mlio maana yake umeme unafika na mota inazunguka, hivyo fyuzi, swichi na waya havina kosa. Kilichobaki ni maji na njia yake.

Fungua tangi uone kama lina maji kweli. Unaweza kulijaza asubuhi na mchana likawa tupu, kwa sababu mpira ule unaoshika shingo ya pampu umekakamaa na unavuja tone kwa tone. Weka karatasi kavu chini ya tangi kwa nusu saa. Ikilowa, umepata jibu, na mpira huo ni spea ya bei ndogo kuliko pampu.

Tangi likiwa na maji, chomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye pampu na mtu mwingine abonyeze. Maji yakiruka kwa nguvu, pampu ni nzima na kizuizi kipo mbele. Yakitoka kwa unyonge au yasitoke, chomoa pampu yenyewe utazame chujio dogo kwenye mdomo wake. Hapo ndipo utakuta ute, matope, na kwa magari yaliyokuwa yakitiwa sabuni ya unga, tope jeupe kama uji. Lioshe kwa mswaki wa zamani, suuza na tangi lenyewe, rudisha.

Kama kizuizi kipo mbele, fuata mpira kuelekea kwenye kioo. Hukatika au kubanwa kwenye bawaba za boneti au kwenye kile kiungo cha T kinachogawa maji kulia na kushoto. Kiungo kikiwa kimepasuka utaona maji yanamwagikia chini badala ya kwenye kioo. Mwisho kabisa ni nozo. Ichomoe, itumbukize kwenye maji ya moto yenye siki kwa robo saa, kisha ipulize kutoka upande wa nje kwenda ndani, uchafu utoke ulikoingilia. Sindano nyembamba ya kushonea tumia kugeuza mwelekeo wa maji tu, si kuchokonoa. Ukilitanua tundu, maji hayaruki tena, yanadondoka. Elekeza yapige sehemu ya juu kidogo ya katikati ya kioo, kwa sababu gari likiwa kwenye mwendo upepo huyashusha.

Ikionekana pampu imekufa kweli, tazama betri kabla ya kwenda dukani. Coaster nyingi za dizeli zilizotoka Japani zina betri mbili zilizoungwa kwa mfululizo, yaani volti 24. Pampu ya volti 12 ukiifunga humo itapiga maji vizuri ajabu kwa siku chache, halafu itaungua. Na pampu yoyote usiibonyeze zaidi ya sekunde kumi mfululizo, wala usiibonyeze tangi likiwa tupu. Maji ndiyo yanayoipoza na kuilainishia.

Wenye Noah na Hiace zenye waipa ya nyuma: pampu yenu huenda ni moja yenye midomo miwili, ikizunguka kulia maji yanaenda mbele, ikizunguka kushoto yanaenda nyuma. Ukirudisha mipira kwa kubadilishana, utabonyeza ya mbele ukaosha kioo cha nyuma.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mume wangu hununua maji ya waipa ya bluu yaliyojazwa kwenye chupa za maji ya kunywa, anayaweka jikoni. Juzi mtoto wa miaka minne alionekana ameishika. Sijui kama alionja. Yana madhara? Na ni kweli hospitali wanatoa pombe kama dawa? – Mama, Kirumba

JIBU: Marahaba, mama. Kama hujamfikisha mtoto hospitali, funga gazeti uende sasa, na uibebe chupa hiyo. Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Usisubiri dalili.

Sababu ya haraka ni hii. Maji ya waipa yanaweza kuwa na ethanoli, ambayo ndiyo kilevi cha waini, au methanoli, ambayo ni ya bei rahisi kwa mtengenezaji na ni sumu. Kwa kuonja huwezi kuzitofautisha. Methanoli ikiingia mwilini, mwanzoni huleta ulevi mdogo tu, mtoto anasinzia, mzazi anapumua. Ini linaibadilisha taratibu kuwa asidi ya fomi, na saa 12 hadi 24 baadaye asidi hiyo inashambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Mgonjwa huanza kuona ukungu au weupe, anapumua kwa kasi, tumbo linauma. Mililita 10 za methanoli tupu zimewahi kumpofusha mtu mzima. Kwa mtoto ni kidogo zaidi. Umoja wa Ulaya ulishapiga marufuku maji ya waipa yenye methanoli ya asilimia 0.6 au zaidi kuuzwa kwa watu wa kawaida, tangu Mei 2019. Chupa isiyo na lebo inayouzwa kando ya barabara hakuna anayejua ina nini, na muuzaji naye hajui.

Habari ya pombe ni kweli. Kimeng'enya cha ini kinachobadilisha methanoli ndicho kinachoshughulikia ethanoli, na kinaipenda ethanoli zaidi. Mgonjwa akipewa ethanoli, kimeng'enya kinabanwa na kazi hiyo, methanoli inabaki bila kubadilishwa mpaka itoke kwa mkojo, pumzi au mashine ya kusafisha damu. Ipo pia dawa maalumu iitwayo fomepizoli. Lakini kipimo hupigiwa hesabu kwa uzito wa mgonjwa na damu yake hupimwa kila mara. Mtoto mdogo akipewa pombe nyumbani sukari ya damu inashuka na anaweza kufa kwa hiyo pombe yenyewe. Kwa hiyo gari, si glasi.

Na mume wako ahamishe na kulanti ya rejeta, ile ya kupozea injini. Ile ya kijani au ya pinki mara nyingi ni etilini glaikoli, ina utamu, na watoto na mbwa huilamba kwa hiari yao. Inaua figo. Maji makali ya betri nayo ni asidi ya salfa, hayana rangi, na yakiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa hayatofautiani na maji mpaka yamefika kooni. Vyote vitatu vikae kwenye madumu yake yenye lebo, kwenye buti au stoo yenye kufuli. Chupa ya kinywaji, iwe ya maji, soda au waini, isitumike kuviweka hata kwa safari moja.

Utani wa waini na maji ya gari, kwa wazee wa Ulaya, una kovu. Mwaka 1985 iligundulika kuwa baadhi ya watengenezaji wa Austria walikuwa wakitia daietilini glaikoli, ndugu wa kulanti, ili waini yao ionekane tamu na nzito. Mwaka uliofuata, Italia, waini iliyoongezwa methanoli ili kilevi kipande iliua zaidi ya watu 20.

SWALI: Nalinda eneo la kambi ufukweni. Mgeni mwenye gari-nyumba aliniomba nimwoshee vioo, nikatumia spiriti, vya pembeni vikafanya nyufa kama utando wa buibui. Nilikosea wapi? – Kijana, Luchelele

JIBU: Kioo cha mbele cha gari-nyumba ni kioo kweli, tena cha tabaka mbili. Madirisha ya pembeni ya yale magari ya Ulaya mengi ni ya akriliki, plastiki ngumu inayofanana na kioo. Kilevi kikikutana na akriliki iliyokaa kwenye mkazo wa skrubu na joto la jua, kinaipasua kwa nyufa nyembamba zisizorudi. Hata maji ya waipa yenye kilevi kingi yakitiririkia pembeni mara kwa mara yanaweza kufanya hivyo.

Gonga kwa ukucha kabla ya kuosha. Kioo kinalia kwa ukali na kina baridi. Akriliki inalia kwa uzito na haina baridi ile. Yakiwa ya akriliki, mwagia maji mengi kwanza vumbi liondoke, osha kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, tumia kitambaa laini au sponji, yaache yakauke kivulini. Spiriti, petroli, tina na dawa ya vioo yenye amonia vikae mbali. Taa za mbele za magari ya kisasa nazo ni plastiki, zitendee hivyohivyo.

SWALI: Nasafiri na familia hadi Bukoba kwa kuvuka daraja la Kigongo–Busisi. Waini yangu nikiacha kwenye gari inaharibika. Niibebeje? – Msomaji, Capri Point

JIBU: Gari lililofungwa juani hupita nyuzi 50 ndani. Waini haichemki kwa joto hilo lakini inatanuka, inasukuma kizibo, hewa inaingia, na ladha inageuka kama jamu iliyoungua. Joto linaloifaa ni nyuzi 12 hadi 18. Ilaze chini kabisa, katikati ya gari, mbali na injini na bomba la moshi, ukiiviringisha kwenye taulo lililolowa. Upepo ukilipitia taulo, linapoza. Bora zaidi ni ile ya boksi ya lita 3: mfuko wa ndani unasinyaa kadri unavyomimina, hewa haiingii, na ikishafunguliwa hukaa wiki nne hadi sita kama ipo kwenye ubaridi. Kizibo kikiwa kimeshachomoza, usiisafirishe tena. Tia nusu kikombe kwenye mchuzi wa nyama ya ng'ombe, dakika ishirini kabla ya kuepua.